Naomba ushauri: slaidi za mtandaoni zimenigomea mbele ya wanafunzi 84, nifanyeje?

Mwalimu_Ilemela (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa walimu wenzangu na mafundi wa kompyuta mliomo humu.

Nafundisha Jiografia Kidato cha Tatu kwenye sekondari ya kata hapa Ilemela, Mwanza. Darasa lina wanafunzi 84, shule ina projekta moja, kompyuta mpakato ni yangu mwenyewe na bando nanunua mwenyewe. Tangu mwaka uanze naandaa masomo kwa Google Slides, kwa sababu kuna vitu ubao hauvionyeshi. Ukichora Ziwa Victoria kwa chaki unapata umbo tu. Mtoto wa Igombe au Kayenze analiona ziwa kila asubuhi, lakini hajawahi kuliona kutoka juu, Mto Kagera ukiingia upande wa magharibi na Nile ikitokea Jinja. Siku niliyoweka picha ya satelaiti ukutani darasa zima lilinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, kwetu ni wapi hapo?" Kuanzia siku hiyo sijataka kurudi nyuma.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa na kipindi kimoja, dakika 40, mada ya uvuvi na magugumaji. Slaidi 31. Nikawasha hotspoti ya simu, nikafungua kiungo. Ya kwanza ikaja, ya pili ikaja, ya tatu kikabaki kiduara kinazunguka. Nikasogea dirishani, nikabadilisha laini, wapi. Dakika 17 zikayeyuka hivyo. Nikashika chaki nikiwa sina hata mtiririko kichwani, maana kila kitu nilikiweka kwenye slaidi. Iliniuma sana, wale watoto walikuwa wameingia darasani na hamu.

La pili, nilituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili watoto wajisomee nyumbani. Kumbe nimeruhusu kila mwenye kiungo kuhariri. Asubuhi nakuta slaidi sita zimefutwa, na juu ya picha mtu ameandika jina la mwanafunzi mwenzake kwa maneno ya kumdhalilisha. Binti huyo hakuja shule siku mbili.

La tatu, mwalimu mwenzangu ananishauri nizipakie zote kwenye tovuti ya wazi kama SlideShare, nisihangaike tena na ruhusa na shule nyingine zifaidi. Lakini ndani kuna picha za wanafunzi wangu tulipokwenda ziara ya mafunzo mwaloni Kirumba, pale mitumbwi ya samaki inapotua, nyuso zinaonekana. Moyo unasita.

Simu shuleni wanafunzi hawaruhusiwi, hilo mnalijua. Je, niendelee na hizi slaidi za mtandaoni au nirudi kwenye bangokitita, yale makaratasi makubwa ya kutundika ukutani? Naomba kuwasilisha.

FundiWaNyegezi

Pole mwalimu. Google Slides haina kosa hapo. Kosa ni kutegemea mtandao saa ya kipindi. Mtandao utumie usiku ukiwa nyumbani, darasani ingia na faili.

Fanya hivi. Ukimaliza kuandaa, pakua nakala mbili, moja ya PowerPoint na moja ya PDF, uziweke kwenye kompyuta na kwenye flashi. PDF ni ya siku ambayo kompyuta yako imegoma na umeazima ya mwenzako, maana maandishi hayahami na picha hazisogei. Kama unataka kuendelea kufungulia kwenye Google Slides yenyewe, tumia Chrome na uruhusu faili hilo lifunguke bila mtandao. Ruhusa hiyo uiweke mapema ukiwa na mtandao. Ukingoja mpaka bando liishe umechelewa.

Halafu uzito wa picha. Nakuhakikishia umeweka picha za simu kama zilivyotoka. Picha ya megapikseli 12 ina upana wa nukta 4000 na kimo cha 3000. Projekta nyingi za shule zinaonyesha 1024 kwa 768. Piga hesabu: unabeba nukta mara 15 ya zile ambazo ukuta unaweza kuonyesha, na zote zinapita kwenye hotspoti yako. Zipunguze kabla ya kuziweka, au kwenye PowerPoint bofya picha uchague kuibana. Darasa halitaona tofauti hata kidogo.

Na kama umepachika video ya YouTube, haitacheza bila mtandao hata kama faili umelipakua.

Kuhusu zilizofutwa, usiandae upya! Fungua historia ya matoleo kwenye faili lako, rudi kwenye toleo la jana yake, zote sita zitarejea.

Mwalimu_Ilemela

Mkuu nimetoka kufungua hiyo historia sasa hivi. Zimerudi zote. Nilikuwa nimeshaanza kuziandika upya, slaidi ya nne niko. Wabeja sana.

MzeeWaChaki

Kijana wangu, mimi nimestaafu baada ya miaka 34 darasani, nyingi kati ya hizo Misungwi. Wenzangu watakusaidia mambo ya mitambo. Mimi nimeshtushwa na slaidi 31 kwa dakika 40. Toa dakika tano za kuingia na kutulia, toa tano za mwisho za zoezi, zinabaki 30. Hata mtandao ungekuwa kama wa Ulaya, kila slaidi isingepata dakika nzima. Watoto 84, wa nyuma anasoma saa ngapi, anaandika saa ngapi, anauliza saa ngapi?

Nilikwenda kukagua kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo miaka ya mwisho ya kazi yangu. Slaidi zake zilijaa maandishi ya Kiingereza yaliyonakiliwa kitabuni, aya juu ya aya. Wanafunzi walinakili kimyakimya mpaka kengele. Nikamwambia, hapa umehamisha kitabu ukakiweka ukutani. Mwanafunzi akinakili hujui kama ameelewa.

Wewe umeshapata jibu lako mwenyewe ila umelipita haraka. Yule mtoto aliyeuliza "kwetu ni wapi hapo" ndiye aliyekufundisha slaidi inafanya kazi gani. Weka picha moja bila maelezo, uliza swali moja, kaa kimya. Waache wajadili kwa Kiswahili kwanza, hata Kisukuma wakitaka, kisha uwasaidie kulivika jambo hilo Kiingereza cha mtihani. Slaidi saba zinakutosha. Na andalio la somo liwe kwenye karatasi mfukoni, umeme ukatike usikatike.

MamaWaIgoma

Mimi ni mzazi, samahani kwa kuingilia mazungumzo ya walimu. Nataka mjue upande wetu. Nyumbani simu ya kufungua hivyo viungo ni moja, ya kwangu, na naondoka nayo sokoni saa 11 alfajiri. Nikirudi ni saa 2 usiku. Mwalimu akituma kiungo, mwanangu anafungua, bando linakata katikati. Akituma PDF naishusha mara moja nikiwa kwenye wifi ya duka la jirani, mtoto anaisoma wiki nzima bila senti tano. Kwa hiyo mwalimu, tuma faili. Na uandike ni mada gani na ina ukubwa gani, tusishushe kitu tusichokijua.

Na huyo binti aliyeandikwa jina, tafadhali uliongea naye? Hilo limenigusa kuliko slaidi.

Mwalimu_Ilemela

Mama asante, na wala hujaingilia. Niliongea naye pamoja na mwalimu wa malezi, mama yake tukamwita pia. Nilimwomba radhi binti mwenyewe, kwa sababu mlango niliuacha wazi mimi. Amerudi darasani. Aliyeandika hatujamjua na sitaki kuwapekua watoto 84 kwa ajili ya hilo.

SheriaNaHaki

Kuhusu picha, moyo wako unasita kwa haki kabisa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Sura ya mtoto anayetambulika, pamoja na jina la shule, ni taarifa binafsi. Ridhaa ya mzazi kwa ajili ya ziara ya mafunzo si ridhaa ya kumweka mtoto kwenye tovuti ya dunia nzima.

Tena fikiria hatima ya tovuti zenyewe. SlideShare ilianzishwa 2006, LinkedIn wakainunua 2012, na mwaka 2020 ikaenda kwa Scribd. Unachokipakia leo kwa mwenye nyumba mmoja, kesho kiko mikononi mwa mwingine, na walioshapakua wamepakua. Slaidi za ziwa, ramani na michoro uliyochora mwenyewe pakia kwa moyo mweupe. Za watoto zitoe.

KambaNaNyavu

Mimi nitasema tofauti. Achana nayo. Projekta moja, umeme wa mashaka, bando la mfukoni mwako, hayo yote ya nini? Chora ramani ya ziwa kwenye kitambaa cheupe mara moja, kitundike, kitadumu miaka kumi. Tulifaulu kwa bangokitita.

KisiwaniUkerewe

@KambaNaNyavu mkuu, kitambaa ni kizuri na mimi ninacho. Lakini hebu sikia. Niko kisiwani, somo langu nalifundisha peke yangu shule nzima. Miaka sita sikuwahi kuona andalio la mwalimu mwingine wa Jiografia. Mwaka jana tukaanza watatu, mimi, mmoja wa Sengerema na mmoja wa Buhongwa, tunaandaa slaidi za pamoja mtandaoni. Mmoja anaandaa mada, wawili wanakosoa pembeni kwa kuandika maoni, tena tunakosoana bila kuoneana haya. Kitambaa hakivuki maji kunijia na kurudi jioni hiyohiyo na masahihisho.

Kwa hiyo @Mwalimu_Ilemela, chombo cha kushirikishana faida yake kubwa iko kwa walimu kabla ya kipindi, darasani linaingia faili. Hapo ndipo ruhusa zinapokuja: kuhariri wape walimu mnaoandaa nao tu, kwa anwani zao za barua pepe. Wengine wote wape kuangalia. Na ukitaka mwalimu mwingine apate nakala yake bila kugusa ya kwako, nenda mwisho wa kiungo, pale palipoandikwa edit futa uandike copy. Akifungua ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala. Lako linabaki salama.

Mimi PDF naiweka pia kwenye kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Umeme ukikatika nagawa darasa makundi, kishikwambi kinazunguka. Si raha, lakini kipindi hakifi.

TichaMusoma

Kuna mtu atakuja kukushauri Mentimeter au Nearpod, wanafunzi wajibu maswali papo hapo. Ni nzuri lakini kila mwanafunzi au kundi linahitaji kifaa, kwa hiyo kwako hazifai. Jaribu Plickers. Wanafunzi wanashika kadi za karatasi zenye alama, wanaigeuza kadi kufuata jibu A, B, C au D, wewe unapitisha kamera ya simu yako na majibu yote yanaingia. Seti kubwa ina kadi 63, na wewe una 84, basi wakae wawiliwawili, kadi 42. Kukaa wawili ni bora hata kuliko mmojammoja maana lazima wabishane kabla ya kuinua. Siku mtandao hamna, kila jozi iandike herufi kwenye karatasi na kuinua.

Mwalimu_Ilemela

Wakuu nimerudi na mrejesho, leo Alhamisi nimefundisha upya mada ileile.

Slaidi nilizipunguza zikawa nane. Faili lilikuwa la megabaiti 64, baada ya kubana picha limekuwa 5. Picha zenye nyuso nimezitoa zote, nimebaki na za mitumbwi, nyavu na magugumaji yenyewe. Sikuwasha hotspoti kabisa.

Slaidi ya kwanza ilikuwa picha ya ziwa kutoka juu bila jina hata moja. Nikauliza maji yanaingia wapi na yanatoka wapi, nikanyamaza kama mzee alivyosema. Ilikuwa vigumu kunyamaza, wakuu, dakika mbili ni ndefu. Kisha mikono ikaanza. Ya nne ilikuwa ya magugumaji yamejaa ufukweni. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye muhula huu sikumbuki kumsikia, akasimama akaeleza jinsi baba yake anavyozunguka na mtumbwi asubuhi kutafuta pa kutokea mwalo ukiwa umezibwa, na samaki wanavyochelewa kufika mnadani. Nilikuwa nimeandaa kuwaeleza athari za kiuchumi, akanimalizia kazi. Nilichoongeza ni kwamba magugu hayo ni mgeni ziwani, yalionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwamba miaka ya 1990 waliletwa mbawakawa wanaoyala.

Umeme ulikatika slaidi ya sita. Nilitoa karatasi mfukoni tukaendelea.

Jioni nimetuma PDF kwa wazazi, nimeandika "Uvuvi na magugumaji, MB 3". @MamaWaIgoma, asante. @TichaMusoma, kadi nachapisha wiki ijayo, mkuu wa shule amekubali kutoa karatasi ngumu. @KisiwaniUkerewe, mna nafasi ya mtu wa nne?

KisiwaniUkerewe

Karibu sana mwalimu, tena umechelewa. Nitumie anwani yako ya barua pepe kwa ujumbe wa faragha. Tunaandaa mada ya nishati, wa Buhongwa amekwama kwenye bwawa la umeme la Owen Falls la mwaka 1954, kule Jinja Nile inapotokea ziwani, hana picha inayoonyesha jinsi linavyogusa maji ya ziwa letu. Slaidi ya tano tumeiacha wazi.

Mwalimu_Ilemela

Nimetuma. Mchoro ninao, nilichora mwenyewe mwaka jana. Nitaubana kwanza.