Eti "Dada, wewe rudi ukashike farasi"! Yule bwana wa safari za Uskoti kavuka mpaka

Binti_Magomeni:
Wakuu, leo sina salamu. Naandika nikiwa kwenye feri, natoka Port Askaig narudi Kennacraig, mikono inatetemeka na si kwa baridi. Mnamjua ninayemsema. Yule wa safari za makundi, mwenye kofia ambayo naamini anaoga nayo, anayemwaga matangazo kwenye kila kundi la Waswahili kuanzia Aberdeen mpaka Reading. Simtaji, hakuna haja.

Jana tulipokwenda kuwinda kulungu mlimani, kisiwani Jura, mbele ya wenzangu na mbele ya mwindaji mkuu wa shamba la uwindaji, kaniambia: "Dada, wewe rudi ukashike farasi."

Nishike farasi! Mimi niliyelipa sawasawa na wengine!

Ngoja niwaeleze muone uzito wake. Jura ina barabara moja, hoteli moja, watu mia mbili na ushee, na kulungu zaidi ya 5,000. Ukilala kwenye nyumba za shamba mwisho huu wa Septemba, usingizi sahau: madume yananguruma bondeni usiku kucha yakigombea majike. Sasa, kabla hujapelekwa mlimani lazima upimwe shabaha. Unalala kifudifudi, unapewa bunduki ya shamba, unalenga karatasi. Risasi zangu zote zilikaa ndani ya duara, kifuniko cha soda kingezifunika. Zake? Moja iligusa ubao, zilizobaki nadhani hadi sasa zinaelekea Ireland. Mwindaji mkuu, mzee wa maneno machache, akanitikisia kichwa. Bwana yule akanuna mpaka chakula cha usiku.

Asubuhi tukapanda. Jamani, ile si matembezi. Upepo ukikutoka mgongoni kulungu anakunusa kutoka mbali na siku yenu imeisha, kwa hiyo mnauzunguka mlima mzima ili upepo uwapige usoni. Halafu mnatambaa. Tope jeusi, maji rangi ya chai ya rangi, yaliniingia shingoni yakatokea kwenye soksi. Sikulalamika hata kidogo. Mzee akatuonyesha dume mmoja aliyechoka, pembe zimeanza kunyauka, ndiye wa kupigwa. Akageuka, akaniita MIMI kwa kidole.

Hapo ndipo yule bwana akatambaa akanipita, kiwiko chake juu ya mkono wangu, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi Ireland: "Dada, wewe rudi ukashike farasi."

Farasi ana mtu wake! Kijana wa shamba kaajiriwa kwa kazi hiyo hiyo, kumwongoza farasi mwenye tandiko la kubebea mzoga! Yuko chini kabisa bondeni! Na kwa kelele zile dume likainua kichwa, likaondoka na majike yote. Tumeshuka mikono mitupu. Nishike farasi!

Mzee_wa_Leith:
Uzi bila picha ya farasi ni umbea.

KakaShabaha:
Pole dada. Ila ulishikaje bunduki Uingereza bila kibali? Mngefungwa wote.

Binti_Magomeni:
@KakaShabaha soma sheria kwanza. Mgeni mtu mzima anaruhusiwa kutumia bunduki ya shamba ndani ya shamba hilo, mradi yuko na mwenye shamba au mfanyakazi wake. Mzee alikuwa ubavuni mwangu muda wote. Tatizo langu si bunduki, tatizo ni kuambiwa nikashike FARASI.

chui_wa_dodoma:
Kwani ulimshika au hukumshika? Jibu swali.

Binti_Magomeni:
Sikumshika! Nililala pale pale kwenye tope nikimwangalia.

chui_wa_dodoma:
Masikini farasi, alikungoja.

Mama_Dundee:
Wewe umeambiwa ushike farasi tu na unatoa povu hivi? Bwana huyo huyo alitupeleka kisiwa cha Mull mwezi wa Julai akasema visubi hakuna, "upepo wa bahari unawafukuza". Upepo gani? Jioni tulikula tukiwa tumevaa soksi mikononi. Mwanangu alivimba kope mpaka akawa anatutambua kwa sauti. Na kupe nilimkuta nyuma ya goti, kule kupe wanaleta ugonjwa wa Lyme, si mchezo.

Pilipili_Kichaa:
Mimi alituahidi paja la kulungu kila mtu. Nikabeba ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili mbuzi kutoka Glasgow. Dume likaangushwa, likatolewa matumbo pale pale mlimani, likashushwa, nikasogea na kisu changu. Naambiwa nyama ni mali ya shamba, inakwenda kwa mnunuzi wa nyama ya porini, mgeni abaki na pembe. Pembe! Nichemshe pembe?

Mzee_wa_Leith:
Supu ya pembe ina madini mkuu.

Asha wa Mtoni:
Samahani, hao wanyama wamewakosea nini? Mnasafiri siku nzima kwenda kuua.

KakaShabaha:
Asha, Uskoti haina mbwamwitu tangu karne nyingi zilizopita. Kulungu wameongezeka, kila mche wa mti unaochipua wanautafuna. Ndiyo maana tangu 2023 serikali imeondoa kabisa msimu wa kupumzisha madume. Majike ndiyo bado yana msimu wake wa kuwindwa, kuanzia 21 Oktoba hadi 15 Februari. Mashamba yanatakiwa kupunguza kulungu, mgeni asipokuja mwindaji wa shamba anapiga mwenyewe.

Asha wa Mtoni:
Sijauliza tarehe.

Mwanamaji77:
Mnalipia nini hata kutembea? Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inamruhusu mtu yeyote kupita kwenye mashamba hayo ya matajiri bila senti. Msimu wa uwindaji unauliza tu wawindaji wako upande gani, unapita kwingine. Mimi nimepanda Beinn an Òir, mlima mrefu kuliko yote Jura, mita 785, kwa chapati mbili na chai ya chupa.

Mama_Dundee:
Na kulala ulilala wapi? Kwenye chapati?

Mwanamaji77:
Hema.

Pilipili_Kichaa:
Suala la kulala msinikumbushe. AMANA YANGU. Alisema inarudi baada ya ukaguzi wa nyumba. Kikombe kimoja kimepata ufa, amana yote imekwenda.

Juma Feri:
Wewe pia?! Mimi alinikata kwa sababu ya "harufu ya dagaa kwenye mapazia". Dagaa nilikaanga nje!

Mama_Dundee:
Dagaa umepata wapi huko?

Juma Feri:
Kuna dada analeta kwa mzigo kutoka Mwanza, yuko Edinburgh.

Binti_Magomeni:
Jamani, mada ilikuwa farasi.

Mama_Dundee:
Juma, nitumie namba yake faragha. Na unga wa muhogo anao?

Juma Feri:
Wa muhogo umeisha. Dona ipo.