Mwisho naujua tangu jalada, mbona siwezi kuziacha riwaya za mapenzi ya Krismasi?

Bi Mizania

Wadau wa vitabu, habari zenu. Mimi ni mhasibu, na kwa starehe yangu nasoma riwaya za upelelezi. Nipe maiti ukurasa wa tano na mshukiwa mpya kila sura, nimeridhika. Sasa wifi yangu alikuja kututembelea, akasahau kitabu juu ya friji. Jalada lina theluji, taa za rangi na mbwa aliyevishwa skafu. Nikakifungua kwa dharau huku nasubiri maji yachemke. Nilikimaliza usiku uleule, na kulipokucha nikampigia wifi kumuuliza kama anavyo vingine.

Kisa chenyewe mnakijua hata kama hamjakisoma. Dada wa mjini, mwenye cheo na simu isiyonyamaza, anarudi kijijini alikozaliwa ili auze duka la mikate aliloachiwa na bibi yake. Jirani ni seremala, mgane mwenye binti mdogo, naye hataki duka liuzwe. Wanazozana kwa adabu. Theluji inafunga barabara. Mkesha wa Krismasi wanabusiana na duka haliuzwi.

Hayo yote niliyajua kufikia ukurasa wa kumi, na hakuna hata moja lililokwenda kinyume. Sasa kama hakuna fumbo, ni kitu gani kilikuwa kinanifunulisha ukurasa unaofuata? Naomba majibu ya wanaovisoma. Kuvicheka naweza mwenyewe.

Kurunzi

Kwani hizo za maiti mwisho wake huujui? Muuaji hukamatwa, mpelelezi hafi. Umehamia nyumba ya pili tu, mtaa ni uleule.

Zamu ya Usiku

Dada Mizania, mimi ni muuguzi na hizi ndizo ninazosoma nikitoka zamu. Julai pia nazisoma, sisubiri Krismasi.

Rudi kwenye kitabu cha wifi yako uhesabu marehemu. Bibi amekufa. Mke wa seremala amekufa. Na naweza kukuapia kuna mzee mmoja anayekula peke yake, na mahali fulani mtu anafungua sanduku la mapambo anakutana na mwandiko wa aliyekwenda. Riwaya zako za upelelezi nazo zina vifo, lakini kwa mpelelezi maiti ni swali la kujibiwa, akishajibu basi. Huku marehemu ana kiti chake mezani na walio hai hawajui wakiondoe au wakiache. Mwaka mzima mtu anaweza kujificha nyuma ya kazi asikione kiti hicho. Siku ya Krismasi ofisi zimefungwa, pa kujificha hapana.

Huo msiba mimi nisingeuweza, kwa kazi ninayofanya, kama nisingejua mapema kwamba utaisha vizuri. Ndiyo maana mwisho kujulikana hakuniudhi. Ni ahadi. Hata chama cha waandishi wa riwaya za mahaba cha Marekani, Romance Writers of America, kiliiweka ndani ya maana yenyewe ya riwaya hizi: penzi liwe kiini cha kisa, na mwisho uridhishe moyo na uwe wa matumaini. Ukishahakikishiwa kwamba watapatana, unabaki kuangalia jambo gumu zaidi: huyu aliyezika mke atakubalije kupendwa tena bila kujiona msaliti?

Halafu kuna muda. Tarehe 25 Desemba haisogezwi. Kwenye riwaya nyingine ya mapenzi mwandishi lazima abuni sababu ya haraka, hapa kalenda inamfanyia kazi hiyo bure. Theluji nayo inawazuia ndani watu wawili ambao, baada ya ugomvi wa kwanza, kila mmoja angewasha gari lake akaenda zake.

Na mambo haya ni ya zamani. A Christmas Carol ya Charles Dickens ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya Krismasi. Si kisa cha mapenzi, lakini kitazame: mwanamume aliyejifungia na fedha zake, mchumba aliyemwacha zamani, mtoto mgonjwa, usiku mmoja tu wa kubadilika, na asubuhi anatoka nje kwenda kwa watu. Dickens aliandika akiwa na hasira juu ya umaskini wa watoto. Waandishi wetu wa leo wamechukua usiku ule na meza ile ya chakula. Hasira wengi wao wameiacha.

Kutenganisha kizuri na kibovu, mimi naangalia kazi ya mhusika. Kama kwenye duka la mikate kuna mtu anayeamka saa kumi usiku, tanuri linalosumbua na mkono wenye kovu la kuungua, naendelea. Kama keki zinatokea zenyewe zimepambwa, nakiweka chini. Nakiweka chini pia ule ugomvi mkubwa wa mwishoni ukiwa ungemalizwa na swali moja: “Yule uliyemkumbatia ni nani?” “Kaka yangu.”

Mbishi wa Kudumu

Muuguzi kaeleza vizuri, nami hiyo hasira waliyoiacha ndiyo ninayoitafuta. Kwa nini kila mara ni mwanamke anayeacha kazi? Kasoma, kapanda cheo, na siku chache za theluji zinatosha kumshawishi kwamba maisha yake yote yalikuwa upuuzi. Mchumba wa mjini naye anachorwa makusudi akiongea na simu mezani, ili akiachwa tusimwonee huruma.

Na kile kijiji! Hakuna anayedaiwa kodi, hakuna kijana asiye na kazi, duka lina wateja wanne na halifilisiki. Bi Mizania ni mhasibu, hilo hakuliona?

Theluji nayo ni ya nusu moja ya dunia. Australia Krismasi inaangukia kiangazi, na wapo wanaoandika mapenzi ya Desemba yenye jua na ufuo. Penzi linanoga vilevile, kwa hiyo msiniambie theluji ni ya lazima.

Bi Mizania

Mbishi, nililiona sana. Nilipiga hesabu za lile duka kwa penseli pembeni mwa ukurasa (wifi asisikie). Unga, kuni, mshahara wa msaidizi mmoja: kufikia Februari limefungwa.

Lakini Zamu ya Usiku, sanduku la mapambo lipo! Sura ya tisa. Ndani yake mna kadi ya bibi yenye vipimo vya mkate, mstari wa mwisho umefutwa na doa la siagi. Dada anajaribu kukisia kile kipimo kilichopotea, anaoka, anakosea, anaoka tena, na seremala amekaa jikoni anakula kila kilichoharibika bila kusema neno. Pale nililia, mimi ambaye maiti haijawahi kuniliza. Hesabu za duka nikazisamehe.

Hoja ya Mbishi juu ya kazi siisamehe, ina uzito. Ipo yoyote ambayo mwanamume ndiye anayehama?

Zamu ya Usiku

Zipo. Ninayoipenda mimi, mwanamke ni daktari wa mifugo na habanduki kliniki yake ng'ombe wakiwa karibu kuzaa. Wanagombana kwa sababu inayoeleweka: mwanamume amepata kazi nzuri mbali, na hakuna hata mmoja aliye mjinga au mwovu. Mwishoni anayefunga mizigo ni yeye, na mwandishi anatuonyesha alichopoteza kwa kufanya hivyo. Bi Mizania, nakutumia jina lake kwa ujumbe binafsi. Mbishi, nawe nikutumie?

Mbishi wa Kudumu

Nitumie. Usimwambie mtu.