Kijana wangu aliyezaliwa na mguu kifundo ameanza kupata maumivu akiwa kidato cha pili

Mama wa Mbagala

Ndugu zangu, ninaomba ushauri. Mwanangu wa pili ana miaka 15 na alizaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani, upande wa kulia. Alianza kufungwa plasta akiwa na wiki tatu, ikawa inabadilishwa kila wiki, kisha akakatwa kano ya kisigino na kuvalishwa vile viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Nitasema ukweli: alitakiwa kuvivaa usiku hadi afikishe miaka minne, lakini alipofika miwili na nusu niliviweka uvunguni, kwa sababu alilia usiku kucha, nasi tulikuwa tumepanga chumba kimoja na majirani walikuwa wakigonga ukuta.

Kwa miaka zaidi ya kumi hatukuona shida. Tangu mwaka jana amerefuka ghafla, na sasa akitoka shule, hasa siku anazosimama kwenye daladala kutoka Mtoni hadi Rangi Tatu, anasema ukingo wa nje wa wayo unawaka moto. Pia anakataa kuvaa bukta ya michezo kwa kuwa shavu la mguu huo ni jembamba. Zahanati tuliyokwenda walimtazama akiwa amekaa kitini, wakampa dawa za maumivu, basi. Jirani mmoja anasema mguu uliokwisha kunyooshwa haurudi kupinda; mwingine anasema apasuliwe mara moja. Nimsikilize nani?

Fiziotherapia Ilala

Mama, usijilaumu, lakini usiwasikilize wote wawili. Njia aliyotibiwa mwanao ni ya Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na wanaoitumia wanajua vizuri kwamba mguu huu hupenda kurudi ulikotoka, na kwamba viatu vya usiku ndivyo vinavyouzuia. Kurudi huko hutokea zaidi katika miaka ya kwanza mitano. Kwa kijana wa miaka 15, huenda mguu umeanza kupinda tena, au huenda ni kano ya kisigino tu iliyobaki fupi wakati mifupa imerefuka haraka, na tofauti hiyo haiwezi kuonekana mgonjwa akiwa kitini.

Mwombe atembee peku, suruali ikiwa imekunjwa, nawe umtazame kwa nyuma kama kisigino kinatangulia kugusa sakafu au ukingo wa nje ndio unaotangulia. Geuza viatu vyake vya shule: mguu unaorudi huila soli upande wa kidole kidogo. Kisha achuchumae bila kuinua visigino.

Hata ikionekana umerudi, kisu kikubwa si hatua ya kwanza. Wengine hutosheka na mazoezi ya kunyoosha kano na soli ya ndani iliyotengenezwa kwa kipimo chao, wengine hufungwa plasta tena kwa wiki kadhaa, na baadhi huhamishiwa kano ya mbele ya mguu ili ivute wayo kuelekea nje. Upasuaji wa kuunganisha viungo vya mifupa ya wayo kwa kawaida husubiri hadi mifupa ikaribie kumaliza kukua. Nenda naye MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya CCBRT Msasani, ukiwa na kadi zake za utotoni kama bado unazo. Ikiwa mguu unakufa ganzi, umebadilika umbo ndani ya miezi michache, au anashindwa kuzuia mkojo, usisubiri, kwa sababu hapo uti wa mgongo nao lazima uchunguzwe.

Kushoto 40, Kulia 42

Dada yangu, nina miaka 34 na mguu wangu wa kushoto ni kifundo, kwa hiyo hilo la bukta nalijua. Hakuna mazoezi yatakayoyafanya mashavu ya miguu yalingane. Misuli ya mguu huo ni midogo tangu tumboni mwa mama. Mimi hakuna aliyeniambia, nikapoteza miaka miwili nikipanda na kushuka ngazi za ghorofa letu kwa ncha za vidole, kila Jumapili nikijipima kwa utepe wa fundi cherehani. Nguvu ziliongezeka, unene haukuongezeka. Afadhali aambiwe mapema.

Kuhusu viatu, asibane mguu mkubwa ili kuuridhisha mdogo. Mimi hununua namba ya mguu mkubwa pale Karume, kisha fundi viatu ananiongezea soli ya ndani upande wa kushoto.

Nililolichukia kuliko maumivu ni kliniki yenyewe: mama anaeleza, daktari anamjibu mama, nami nimekaa pale kama kifurushi kilicholetwa kukaguliwa. Mwache aseme mwenyewe. Kuna mambo ambayo hujui.

Mwalimu wa Tabata

Naongeza dogo. Mwone mwalimu wa michezo ukiwa na barua ya daktari, uombe avae suruali ya michezo badala ya bukta. Usiombe asamehewe michezo yote, kwani kijana anayeachwa peke yake darasani wenzake wakicheza huulizwa maswali mengi zaidi. Kuogelea na baiskeli havimwelemei mguu huo kama kukimbia.

Mama wa Mbagala

Nawashukuru sana. Jana jioni tulifanya hayo majaribio. Kisigino kinachelewa kugusa sakafu, na soli ya kulia imelika upande wa nje hadi kitambaa kinaonekana. Alipochuchumaa alianguka chali, tukacheka wote wawili.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: vyoo vya shule ni vya kuchuchumaa, na kwa kuwa hawezi kukaa sawasawa, hanywi maji tangu asubuhi hadi arudi nyumbani. Amefanya hivyo mwaka mzima.

Tunakwenda Msasani Jumanne. Amesema ataingia kwa daktari peke yake, nami nikae kwenye benchi hadi aniite.