Diski ina nafasi tele, programu imegoma kuhifadhi. Mafundi mnatuuzia nini?

Jamani, leo sibembelezi mtu. Niko Malaba, upande wa Uganda, ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Kumbukumbu zetu za mizigo inayotoka Mombasa zimo kwenye FoxPro, programu ya zamani ya Microsoft ya kutunza rekodi. Najua, najua, msianze: toleo la mwisho lilitoka 2004, na Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2015. Bosi haachani nayo, na mimi karani tu.

Wiki tatu zilizopita ikagoma kuhifadhi. Akaja fundi, akatazama skrini dakika mbili: "Diski imejaa." Tukatoa shilingi laki mbili na nusu, diski ya terabaiti 1. Akahamisha mafaili, akanywa soda yetu, akaenda zake. Asubuhi yake kugoma kulekule, na madereva wamejazana dirishani na makaratasi mkononi. Wa pili ndiye kiboko: alitaka tununue kompyuta nzima!

Hivi kati yao hakuna aliyeweza kutazama ukubwa wa faili? Nimetazama mimi. Jedwali lenyewe, la DBF, halifiki hata megabaiti 100. Pacha wake wa FPT, anayebeba maelezo marefu, amegonga gigabaiti 2. Hapo ndipo mwisho wa FoxPro kwa faili moja, hata umnunulie diski kubwa kama ghala.

Na maelezo yenyewe wala si mengi! Karani akiongeza mstari na maandishi yakazidi nafasi yaliyopewa mwanzo, yote yanaandikwa upya mwishoni mwa faili, na pale pa zamani panabaki mahame. Sisi tunaongeza mstari kila hatua: lori limefika, limepimwa, limelipiwa, limetoka. Piga hesabu ya miaka 11. Kufuta rekodi za zamani nako nilijaribu, nikapoteza mchana mzima bure, maana amri ya DELETE inatia rekodi alama ya kufutwa tu. Rekodi haitoki mpaka utoe amri nyingine, PACK.

Dawa ilikuwa PACK MEMO, amri ya kuondoa yale mahame ndani ya FPT. Maneno mawili! Nilisubiri wenzangu wote wafunge programu, kwa sababu haikubali jedwali likiwa wazi kwenye kompyuta nyingine. Nikanakili DBF, FPT na CDX (faili la faharasa) kwenye flashi kwanza. Mwaka jana umeme ulikatika tukiwa tunaandika, idadi ya rekodi kwenye kichwa cha faili ikawa haiendani na zilizomo, jedwali likakataa kufunguka siku mbili. Sirudii.

FPT imeshuka hadi megabaiti 300 na ushee. Bila diski mpya.

Nimempigia fundi wa kwanza nikitaka pesa yetu. Anasema diski ikishafunguliwa hairudishwi, na kwamba "angalau sasa mna nafasi." Nafasi ya nini, bwana?