Uzi wa malalamiko: Nimeuziwa mwongozo wa kutembelea Brasília na mtu ambaye hajawahi kutembea Brasília

Wakuu, salaam. Naandika huku miguu bado inaniuma, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkali. Nilinunua mwongozo wa simu, wenye ramani na sauti, wa kujitembeza mwenyewe kuangalia usanifu wa kisasa wa Brasília, mji mkuu wa Brazili, na ulitangazwa kuwa ni matembezi mepesi ya nusu siku. Jina lake sitalitaja. Ninachosema ni kwamba aliyeuandaa alikaa mezani akapanga picha maarufu kwa mstari, akaamini kwamba ameandaa ziara.

Kutoka Mnara wa Televisheni hadi Uwanja wa Mihimili Mitatu, zilipo ofisi za Rais, Bunge na Mahakama ya Juu, ni zaidi ya kilomita 3, na sehemu kubwa ya njia ni majani yasiyo na kivuli, yakifuatana na safu za wizara zinazofanana kama mapacha. Mwongozo umeandika dakika 20. Ukifika hapo umechoka, sauti inakuambia usogee mbele kidogo hadi Ikulu ya Alvorada, na huko mbele kidogo ni zaidi ya kilomita 4 nyingine! Lúcio Costa, ambaye mpango wake wa jiji ulishinda shindano la mwaka 1957, alilichora kwa kufikiria gari kwanza, na mtu akishalijua hilo ataelewa nusu ya mambo anayoyaona. Mwongozo mzima haukulisema hata mara moja.

Kwenye Kanisa Kuu ndipo nilipoanza kukasirika kwelikweli. Alama ya ramani imewekwa katikati ya paa, juu ya zile nguzo 16 za zege zilizopinda, nami nikalizunguka jengo mara mbili nikitafuta mlango kama mwizi. Mlango uko chini ya ardhi. Unapita kwenye sanamu za wainjilisti wanne, unateremka njia ya giza, halafu unaibuka ghafla katika ukumbi uliojaa mwanga kutoka pande zote, na giza lile limewekwa kwa makusudi ili macho yako yaushtukie mwanga huo. Mwongozo unaolipiwa ukinyamaza kuhusu njia ile, umeacha wazo lenyewe la jengo na kukuuzia ganda lake.

Halafu kuna makosa ya wazi. Tumeambiwa kwamba kuba lililofunikwa juu ya Bunge ni la wawakilishi na bakuli lililofunuliwa ni la Seneti, ilhali ukweli ni kinyume chake. Kila kilichojengwa amepewa msanifu majengo Oscar Niemeyer, kana kwamba alikuwa peke yake nyikani. Mnara wa Televisheni aliuchora Costa mwenyewe. Vigae vingi mashuhuri vya jiji ni kazi ya Athos Bulcão, bustani kadhaa ni za Roberto Burle Marx, na mhandisi Joaquim Cardozo ndiye aliyepiga hesabu zilizoliwezesha Kanisa Kuu kusimama. Hakuna hata mmoja wa hao watatu anayetajwa.

Lakini kosa hilo ningeweza kulisamehe. Nisichosamehe ni kwamba hakuna kituo hata kimoja katika mitaa ya makazi, wakati jiji hili lilizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960 likiwa na jibu lake kuhusu jinsi watu watakavyoishi, na jibu hilo haliko kwenye makasri. Nilifika mtaa wa 308 wa Kusini kwa bahati tu, baada ya kuizima simu. Majengo hayazidi ghorofa 6 na yameinuliwa juu ya nguzo, kwa hiyo ardhi iliyo chini yake haina ukuta wala uzio, na yeyote anaweza kukatiza. Miti imeuzunguka mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza siku ile nilitembea kivulini. Hapo jirani kuna kanisa dogo la mwaka 1958, lenye paa la pembe tatu lililoshikwa na nguzo tatu, na kuta zake zimevikwa vigae vya Bulcão vyenye njiwa na nyota. Nilikaa pale kwa saa nzima. Ndiyo saa pekee ambayo sikujuta kuja.

Na kuna jambo la usalama. Ramani ilinielekeza nikatize juu ya barabara kuu ambako magari yanaruhusiwa kwenda kilomita 80 kwa saa, ilhali kuna vivuko vya chini ya ardhi. Isitoshe, siku za Jumapili barabara hiyo hufungwa kwa magari na kuachiwa waendao kwa miguu na baiskeli, jambo ambalo lingebadili mpangilio mzima wa ziara kama mwandaaji angejishughulisha kulijua.

Nimewaandikia kudai fedha zangu, na jibu nililopata ni shukrani kwa maoni yangu pamoja na punguzo la kununua mwongozo wa jiji jingine. Kama kuna mwenzetu aliyewahi kujipangia njia yake mwenyewe ya Jumapili, inayoanzia mitaa ya Kusini na kuishia Kanisa Kuu, naomba aiweke hapa chini, pamoja na umbali halisi.