Seva ya nyumbani nyuma ya ruta ya mtoa huduma: poti nimefungua, mbona sifiki?

Mhasibu_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Ninaishi Morogoro pamoja na mke wangu na watoto watatu, na tuna duka dogo la dawa ambalo hesabu zake ninazifanya mwenyewe nyumbani kila usiku. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchini, nilishindwa kufungua hata daftari la mauzo ya siku hiyo, kwa kuwa kila kitu changu kilikuwa kimehifadhiwa ng'ambo. Nikaandika mauzo kwa kalamu hadi huduma iliporejea, na ndipo nilipoamua kwamba hesabu za duka na picha za familia zitakaa ndani ya nyumba yangu, kwenye mashine ninayoweza kuigusa.

Nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8, diski ya TB 1 na tundu moja la kebo ya mtandao. Nimeweka Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), juu yake nikaweka Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili, kwa njia ya Docker, inayoendesha programu ndani ya kasha lake, kisha nikawasha ufw, fayawoli yaani ukuta wa kuchuja mawasiliano, na kuzuia kila kinachoingia isipokuwa SSH, njia ya kuiongoza seva kwa mbali. Ndani ya nyumba kila mtu anaifungua Nextcloud kwa poti (mlango wa mtandao wenye namba) 8080 bila shida. Nikiwa dukani ndipo sifiki. Kwenye ruta niliyopewa na mtoa huduma wa faiba nimefungua poti 22 na 8080 na kuzielekeza kwenye seva, lakini nikijaribu kwa data ya simu hakuna jibu lolote. Ukurasa wa ruta unaonyesha kwamba anwani yake ya nje inaanza na 100.72.

Naomba kujua kwa nini sifiki, na kama fayawoli kamili ya programu huria, kwa mfano OPNsense, inaweza kukaa kwenye kompyuta hii hii pamoja na Nextcloud. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara, kwa hiyo mwenye uzoefu wa jambo hilo pia naomba asinipite.

Fundi_wa_Nyaya

Ndugu Mhasibu, jibu la swali la kwanza limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowagawia wateja wengi anwani moja ya umma, utaratibu unaoitwa CGNAT. Wewe ni kama mpangaji aliyeacha wazi mlango wa chumba chake, ilhali geti la nyumba lina funguo ambazo hana. Hata ukifungua poti zote za ruta yako, mgeni wa nje hataweza kufika.

Kwa leo hilo limekukinga, na ninakusihi uzifunge poti hizo mbili kabla hujalala. Poti 22 ikionekana kwenye intaneti, majaribio ya kubahatisha nenosiri huanza mapema sana na hayakomi. Unaweza kumwomba mtoa huduma akuuzie anwani ya umma, lakini mimi nilichagua njia nyingine, nayo ni kukodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani ya umma na kuweka WireGuard, programu ya VPN yaani njia ya siri ya kuunganisha mashine kupitia intaneti, huko, nyumbani na kwenye simu. Seva ya nyumbani ndiyo inayopiga hodi kwenda nje, na CGNAT haizuii majibu ya aliyetoka mwenyewe. Kwenye faili la mipangilio la seva ya nyumbani usiache mstari wa PersistentKeepalive = 25, unaotuma pakiti ndogo kila baada ya sekunde 25, kwa sababu mitambo ya njiani husahau muunganisho ulionyamaza, na bila mstari huo utafika asubuhi na mchana ushindwe. Kwenye seva ya kukodi washa net.ipv4.ip_forward (ruhusa ya kupitisha pakiti), fungua poti 51820 ya UDP, na SSH iwe kwa ufunguo tu, yaani PasswordAuthentication no. WireGuard, iliyoingia kwenye kiini cha Linux katika toleo 5.6 la Machi 2020, haimjibu kabisa asiye na ufunguo, kwa hiyo anayezunguka mtandaoni akitikisa vitasa haoni hata kama pana mlango.

Jambo jingine hujaliuliza, lakini siwezi kuliacha. Umesema ufw inazuia kila kitu isipokuwa SSH, na papo hapo familia inaifungua Nextcloud kwa poti 8080. Inapitaje? Docker huandika kanuni zake yenyewe, na pakiti zinazokwenda kwenye poti ilizotangaza hazifiki kabisa kwenye kanuni za ufw. Watu wengi wamelala wakidhani wamefunga. Badala ya 8080:80 andika 127.0.0.1:8080:80, yaani poti isikike ndani ya seva tu, kisha mbele yake weka Caddy au nginx, programu za kupokea wageni wa tovuti, moja kwa moja kwenye Debian, nje ya Docker. Hapo ufw itakuwa na kauli. Ukitaka kubaki na mpangilio wa sasa, kanuni zako ziweke kwenye mnyororo wa DOCKER-USER, orodha ya kanuni ambayo Docker humwachia mtumiaji.

BintiTanga

Kaka Mhasibu, kuhusu OPNsense nina msimamo, na ninajua wapo humu wasiokubaliana nami: usiweke fayawoli na hesabu za duka kwenye mashine moja. Inawezekana, kwa kutumia Proxmox, mfumo wa kugawa kompyuta moja kuwa mashine pepe kadhaa, nami niliishi hivyo karibu mwaka mzima. Lakini kila niliposasisha Proxmox nyumba nzima ilikosa intaneti, na sasisho likiharibika nilikuwa sina hata mtandao wa kusoma maelekezo. Mashine ya mlangoni inatakiwa iwe na kazi moja tu.

OPNsense ilijitenga na fayawoli nyingine, pfSense, na toleo lake la kwanza likatoka Januari 2015; imejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, na hutoa toleo kubwa mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Inahitaji matundu mawili ya mtandao. Tafuta kadi ya Intel iliyotumika yenye matundu mawili au manne, kwa sababu kadi za Realtek zina historia ya kusumbua kwenye FreeBSD, na zile za kuchomeka USB sizipendekezi kwa kazi ya saa 24. Kisha, kabla hujaunganisha chochote, badilisha anwani ya upande wa ndani. OPNsense huja na 192.168.1.1, na ruta nyingi za watoa huduma hutumia anwani hiyo hiyo. Pande zote mbili zikiwa na mtandao mmoja, fayawoli haijui pakiti iipeleke wapi, nawe utashinda siku nzima ukibadilisha kebo nzima ukidhani ni mbovu. Mimi natumia 192.168.50.1.

Ikiwa bajeti hairuhusu mashine ya pili, nunua ruta ndogo inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Kwa nyumba ya watu watano inatosha, na haili umeme mwingi. Hilo la umeme lipigie hesabu: kompyuta ya mezani ikitumia wati 60 mfululizo, kwa siku 30 ni uniti 43. Kama LUKU yako iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ambayo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, seva peke yake imekula zaidi ya nusu. Kompyuta ndogo inayotumia wati 10 hukomea kwenye uniti 7 na kidogo.

Kuhusu kukatika, wakati wa kusakinisha OPNsense chagua mfumo wa mafaili wa ZFS badala ya UFS, kwa sababu ZFS haiandiki juu ya data iliyopo na hivyo hustahimili kuzimwa ghafla. Kwenye BIOS amuru mashine ijiwashe umeme unaporudi. UPS iunganishe na seva kwa kebo ya USB na uweke programu ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha Debian ijizime yenyewe kwa utaratibu. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tu dakika ya kuanguka.

Mhasibu_Moro

Nawashukuru sana. Poti nilizifunga usiku ule ule, na WireGuard sasa inafanya kazi; leo nimeingiza mauzo nikiwa dukani. Nimepata kompyuta nyingine ya zamani na kadi ya Intel ya matundu mawili, na OPNsense imesimama vizuri. Ila jana umeme ulikatika kwa saa nne, na uliporudi hakuna tovuti iliyofunguka. Nikiandika anwani ya IP kwa namba inajibu, jina haliji. Nimewasha DNSSEC, ukaguzi wa sahihi za majina ya tovuti, kwenye Unbound, programu inayotafsiri majina hayo kuwa namba. Kosa liko wapi?

BintiTanga

Kaka, angalia saa ya mashine. Nina hakika kubwa kwamba inaonyesha mwaka wa zamani, kwa sababu betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, na kompyuta ikikosa umeme husahau tarehe. DNSSEC hukagua sahihi zenye muda maalumu, kwa hiyo saa ikiwa imerudi nyuma kila jina linaonekana la uongo. Saa nayo haiwezi kujirekebisha, maana seva za muda zimeandikwa kwa majina, na majina ndiyo yaliyokataliwa. Rekebisha tarehe kwa mkono, badilisha betri, na kwenye orodha ya seva za muda ongeza moja kwa anwani ya namba. Unapobadilisha betri kagua upya BIOS, kwa kuwa ile amri ya kujiwasha huenda nayo imefutika.

Mzee_wa_Debian

Wanangu mmeeleza vizuri, nami nitaongeza yale ya baada ya furaha ya kwanza. Mwaka mmoja nilipoteza picha za harusi ya binti yangu. Nakala rudufu nilikuwa nayo, lakini diski yake ilikaa ndani ya kasha lile lile la kompyuta, na umeme uliporudi kwa nguvu uliziunguza zote mbili. Tangu hapo nina diski ya nje ninayoichomeka Jumapili na kuichomoa, na nakala ya pili naituma kwa programu ya restic kwenye seva ya kukodi. Restic husimba data kabla haijatoka nyumbani, kwa hiyo nenosiri lake liandike kwenye karatasi na ulifungie kabatini. Likipotea, nakala zote zimepotea nalo.

Masasisho ya usalama ya Debian yaachie programu ya unattended-upgrades, iyaweke yenyewe. Ya Nextcloud fanya mwenyewe, toleo kubwa moja baada ya jingine, kwa sababu haikubali kurukwa toleo.

Na kwa kuwa sasa una WireGuard, fahamu kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, katika tangazo lake la Oktoba 2023, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP. Wewe unafika kwenye hesabu zako mwenyewe, lakini duka la dawa ni biashara yenye leseni, kwa hiyo ulizia utaratibu huo na uufuate.

Sasa nina ombi moja. Chukua kompyuta nyingine yoyote, hata ya kuazima, na ujaribu kurejesha nakala yako yote humo kana kwamba seva imeibiwa.

Mhasibu_Moro

Mzee, shikamoo. Nimejaribu, na nimeshtuka. Mafaili yote yamerudi, lakini Nextcloud inafunguka tupu, haina watumiaji wala folda hata moja.

Mzee_wa_Debian

Marahaba. Umenakili folda ya data bila hifadhidata, na hifadhidata ndiyo inayojua faili lipi ni la nani. Kwenye hati ya amri (script) inayofanya kazi usiku panga hivi: kwanza occ maintenance:mode --on ili mtu asiandike katikati ya kazi, pili nakili hifadhidata kwa pg_dump ikiwa unatumia PostgreSQL au mariadb-dump ikiwa ni MariaDB, tatu restic ichukue faili la hifadhidata pamoja na folda za data na config, mwisho ile amri ya kwanza kwa --off. Iweke saa nane usiku, duka likiwa limefungwa. Jumapili rudia jaribio kwenye ile kompyuta ya kuazima kabla hujairudisha kwa mwenyewe.