Naomba ushauri: kuhamisha mfumo wa PHP 5.6 kwenda PHP 8

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina mfumo wa stoo niliurithi, umeandikwa kwa PHP 5.6 (toleo la zamani la lugha ya programu ya PHP) na mwenye seva anahamia PHP 8 mwisho wa mwezi. Zile mysql_query (amri za zamani za kuongea na hifadhidata) nishazipeleka mysqli (mbadala wake mpya), each() ya kupitia orodha nimeweka foreach, mpaka hapo poa. Kinachonitesa ni makosa ya kimyakimya, mfano kwenye kulinganisha kwa alama ya ==, zamani 0 == "abc" ilikuwa kweli sasa ni uongo, na ulinganisho wa hivyo umejaa kila kona halafu aliyeandika hakuacha maelezo hata mstari mmoja jamani. Je, nipitie PHP 7.4 kwanza au niruke moja kwa moja? Na mnatumia programu gani kuzinasa hizo == kabla wateja hawajazinasa wao?